Cheti na diploma ya sheria au biashara: mwongozo kwa anayeanza baada ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nina D nne, naweza kusoma sheria?" "Nikimaliza diploma nitakuwa wakili?" "Usimamizi wa biashara na uhasibu si kitu kimoja?" "Kuna kaka anasema nikimtumia elfu hamsini ananiingiza chuo, nimtumie?" Hilo la mwisho nalijibu kabla ya yote: usimtumie. Mengine yanahitaji nafasi, na nimeyapanga hapa kwa namna ambayo utaweza kuyafuata ukiwa na simu mkononi na vyeti vyako mezani.

Mwongozo huu ni wa Tanzania, na unahusu kozi mbili ambazo vijana wengi huziweka kwenye mizani moja: sheria, pamoja na kazi ya msaidizi wa kisheria inayoambatana nayo, na usimamizi wa biashara. Shahada sitaigusa isipokuwa pale cheti au diploma inapokupeleka huko.

Kitu kimoja cha kuelewa kwanza ni ngazi, kwa sababu matangazo yote ya vyuo na ya kazi yanazitaja. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET (zamani NACTE), linagawa masomo kwa ngazi za NTA, yaani National Technical Awards, tuzo za taifa za ufundi. NTA 4 ni astashahada ya awali, NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ni stashahada, yaani diploma. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja. Kwa hiyo aliyetoka kidato cha nne akaanzia NTA 4 anahesabu miaka mitatu mpaka diploma. Mtu akikuambia "nina cheti", muulize ni NTA 4 au 5. Kwenye ajira tofauti hiyo ni kubwa, utaiona hatua ya kwanza.

Viwe mezani kabla hujaanza

- Namba yako ya mtihani wa NECTA, yote: namba ya shule, namba yako, na mwaka. Mifumo ya maombi huvuta matokeo yako kwa namba hiyo, na ukikosea tarakimu moja unaweza kuletewa matokeo ya mtu mwingine.
- Cheti cha kidato cha nne, au hati ya matokeo kama cheti hakijafika shuleni.
- Cheti cha kuzaliwa. Linganisha jina lake na la NECTA, herufi kwa herufi.
- Namba ya NIDA kama umeshafikisha miaka 18.
- Picha ndogo za pasipoti, za karatasi na zilizo kwenye simu.
- Barua pepe na laini ya simu ya kwako mwenyewe. Hili nalisisitiza. Wengi hujaziwa fomu kwenye duka la steshenari, na kijana wa pale, ili kazi iende haraka, huweka barua pepe yake na namba yake. Chuo kikijibu, jibu linakwenda kwake. Amehudumia watu wengi siku hiyo, hatakumbuka kukutafuta. Kaa pembeni yake, taja barua pepe yako, na nenosiri liandike kwenye daftari.
- Makadirio ya fedha ya mwaka mzima. Ada ni sehemu tu: ongeza chakula, chumba, nauli, bima ya afya, kitambulisho, michango ya udhibiti wa ubora, na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

Hatua kwa hatua

1. Amua unataka karatasi hiyo ikufikishe wapi.

Anza na kazi, kisha urudi nyuma kwenye kozi. Wengi huanza na jina la kozi linalosikika vizuri, ndiyo maana wanashtuka baadaye.

Tuanze na sheria. Cheti au diploma ya sheria haikufanyi wakili. Uwakili unataka shahada ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu anaiita Law School, kisha kuapishwa na kuandikwa kwenye orodha ya mawakili. Nafasi za hakimu mkazi nazo siku hizi hutangazwa kwa wenye shahada waliopita Law School. Sikukatishi tamaa, njia ya kutoka diploma kwenda shahada ipo na watu wanaipita. Ila uingie ukijua urefu wake.

Cheti na diploma zenyewe zinafungua nini? Kuna ukarani katika ofisi za mawakili na mahakamani, kazi kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, na kazi za serikali za mitaa. Chukua tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III ulisome taratibu. Mengi yanataka kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada, na mengi yanataja NTA 5, katika fani kama Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha au Maendeleo ya Jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Sheria imetajwa. Usimamizi wa fedha umetajwa. Usimamizi wa biashara haumo. Na aliyeishia NTA 4, hata kama ni ya sheria, bado hajafika. Tangazo moja la namna hiyo linakufundisha kuchagua kozi kuliko vipeperushi vyote vya vyuo. Fungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya kazi unayoiota, na nakili maneno yanayotumika kwenye sehemu ya sifa.

Sasa biashara. Usimamizi wa biashara ni kozi pana: unagusa masoko, uhasibu wa awali, rasilimali watu, uchumi, sheria ya biashara. Upana huo unamfaa anayetaka kuendesha duka, kampuni ndogo au biashara ya familia, na anayetaka kazi za mauzo na usimamizi katika sekta binafsi. Lakini kama ndoto yako ni kuwa mhasibu wa kusajiliwa, nenda uhasibu moja kwa moja, kwa sababu mbele yako kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kama ni manunuzi, nenda ugavi, ambako kuna bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB. Meneja wa biashara hana bodi inayomsajili kwa namna hiyo. Anajulikana kwa kazi yake, na hilo ni zuri kwa mwenye bidii, gumu kwa anayetegemea karatasi peke yake.

2. Pima sifa zako kwa ukweli.

Kuingia NTA 4 kwa kawaida kunataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini. Kosa la kila msimu ni kuhesabu Elimu ya Dini ya Kiislamu au Bible Knowledge kuwa ni D ya nne. Kwa hapa haihesabiwi.

Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na principal moja na subsidiary moja kwa kawaida anaweza kuingia diploma bila kupitia NTA 4. Usikubali kuanzishwa chini kama sifa za juu unazo.

Kwa sheria, angalia daraja lako la Kiingereza kabla ya jingine lolote. Baadhi ya vyuo hulitaja kwenye sifa. Na hata pasipotajwa, darasani utalikuta. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mashauri mengi utakayoyasikiliza yanaendeshwa kwa Kiswahili. Ila mihadhara, mitihani na hukumu nyingi za zamani utakazopewa kusoma ziko kwa Kiingereza. Mwenye F ya Kiingereza anaweza kuwa na akili nzuri ya sheria na bado akapata sapu (mitihani ya kurudia) tatu muhula wa kwanza. Tumia miezi ya kusubiri kusoma Kiingereza.

Kwa biashara, F ya hesabu haikufungii mlango kila mahali, lakini hesabu za biashara na uhasibu zitakungoja ndani. Asilimia, uwiano, riba: vinoe kabla ya kuripoti.

Kama una D mbili au tatu, usinunue njia ya mkato. Rudia masomo yaliyobaki kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayekuambia chuo chake "kinapokea hata D mbili" kwa NTA 4 anakuuzia tatizo litakalojitokeza utakapotaka kusajiliwa.

3. Hakiki chuo, kisha hakiki kozi. Ni vitu viwili.

Hapa ndipo fedha nyingi za wazazi hupotea. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, kina jengo, kina kibao barabarani, na bado kozi unayoitaka hakijaruhusiwa kuifundisha, au kimeruhusiwa mpaka NTA 5 tu huku wewe ukiahidiwa diploma.

Fanya hivi. Ingia tovuti ya NACTVET, fungua orodha ya vyuo, tafuta jina kamili la chuo na mkoa wake. Andika namba yake ya usajili na hadhi yake: usajili wa muda, usajili kamili, ithibati. Kisha fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huo, kinachotolewa bure, uangalie kozi yako ikiwa chini ya jina la chuo hicho. Soma jina la kozi, ngazi, sifa za kuingia, idadi ya nafasi na ada. Kama kozi haimo, piga simu NACTVET wenyewe. Usimpigie wakala wa chuo kumuuliza kama chuo chake kiko sawa.

Tahadhari na kampasi. Chuo chenye kampasi nne hakifundishi kila kozi kwenye kila kampasi.

Tahadhari pia na "kozi ya paralegal ya miezi mitatu" inayotangazwa kama vile ni diploma. Mafunzo mafupi ya wasaidizi wa kisheria yapo kihalali na yana kazi yake, nitayaeleza hatua ya 9, lakini hayakupi ngazi ya NTA.

4. Chagua chuo.

Kwa sheria, Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto, Tanga, kinafundisha cheti na diploma, na kwa kuwa ni chuo cha mahakama, mafunzo yake yanaegemea sana mwenendo wa mashauri. Lushoto kuna baridi. Nunua sweta kabla ya daftari. Chuo Kikuu Mzumbe nacho kina sheria kwa ngazi za chini ya shahada, na vipo vyuo vikuu na vyuo binafsi vingine.

Kwa biashara uwanja ni mpana. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo tangu 1965 na kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kipo tangu 1972. Kuna Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, yenye kampasi mikoa kadhaa, na Chuo cha Uhasibu Arusha. Majina ya TIA na ya Arusha yasikutishe: wana kozi za biashara pia, si uhasibu tu.

Ushauri wangu kwa mzazi: chuo cha mkoani kwako chenye kozi iliyoidhinishwa kinaweza kukufaa kuliko chuo chenye jina Dar. Chumba cha kupanga Dar na nauli ya daladala kwa mwaka mzima vinaweza kukaribia ada yenyewe. Kijana anayekula vizuri na kulala karibu na darasa hufaulu.

Na mikopo? Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Orodha hutolewa upya kwenye mwongozo wa kila mwaka. Usipange maisha ukitegemea "boom", yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, kwa diploma ya sheria au biashara mpaka uone fani yako imeandikwa.

5. Tuma maombi.

Kwa fani zisizo za afya, maombi kwa kawaida huenda moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo husika. Fungua akaunti, ingiza namba ya NECTA, hakiki kwamba jina na matokeo yaliyojitokeza ni yako, chagua kozi, pakia vyeti, lipia kama kuna ada ya maombi, kisha bofya kitufe cha kuwasilisha.

Kitufe hicho cha mwisho kinasahaulika mno. Mtu anajaza kila kitu, analipia, anafunga simu, akiamini amemaliza. Ombi linabaki rasimu. Baada ya kuwasilisha, ingia tena kesho yake uone hali ya ombi imeandikwaje, na upige picha ya kioo.

Omba vyuo viwili au vitatu. Usisubiri siku ya mwisho ya dirisha, mifumo huelemewa. Ukikosa dirisha la kwanza, mara nyingi hufunguliwa la pili, na vyuo kadhaa vina udahili wa Machi.

6. Soma fomu ya kujiunga mstari kwa mstari kabla ya kulipa.

Ukichaguliwa utapewa fomu ya maelekezo ya kujiunga. Kaa na mzazi au mlezi, chukua kalamu, wekeni alama kila penye kiasi cha fedha. Jumlisheni wenyewe. Jumla iliyoandikwa chini kwa kawaida ni ya malipo ya chuo. Godoro, fomu ya daktari na nauli havimo.

Chuo cha serikali utakilipa kwa kontrol namba, ile kumbukumbu namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Kabla ya kuthibitisha, simu au benki itakuonyesha jina la taasisi inayolipwa. Lisome. Kwa chuo binafsi, akaunti iwe ya jina la chuo. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, awe "afisa udahili" au "mhasibu msaidizi", usitume. Vishoka wa udahili wanafanya kazi zaidi kati ya siku majina yanapotoka na wiki ya kuripoti, kwa sababu wanajua una haraka.

7. Ripoti, jisajili, kisha hakikisha umesajiliwa kweli.

Kusajiliwa na chuo ni jambo moja. Chuo kupeleka jina lako NACTVET ni jingine, na ndilo linalofanya cheti chako kitambulike. Wiki za mwanzo muulize msajili wa chuo: "Namba yangu ya usajili ya NACTVET ni ipi?" Ukijibiwa "tutashughulikia", rudi baada ya wiki mbili, na tena. Wapo waliogundua mwaka wa tatu kwamba majina yao hayakuwahi kupelekwa. Fanya hivyo hivyo kila unapopanda ngazi.

8. Soma kama mtu atakayeifanya kazi hiyo.

Kwa sheria, adui wako wa kwanza ni nukuu za zamani. Nukuu za kaka aliyemaliza 2019 zitakuambia Baraza la Kata linaamua migogoro ya ardhi. Mabadiliko ya 2021 yaliliondolea baraza hilo mamlaka ya kuamua migogoro hiyo. Sasa linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mgogoro unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jambo jingine: tangu Julai 2025 linatumika Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu, na namba za vifungu katika baadhi ya sheria zimehama. Ukinukuu kifungu kutoka kwenye daftari la kurithi, unaweza kunukuu kifungu cha jambo lingine kabisa. Hukumu zisome kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure.

Jizoeze kusoma sheria kwa kumfikiria mtu aliyekaa mbele yako. Mfano: mlinzi ameachishwa kazi tarehe 3 Machi, anakuja kwako tarehe 28. Anataka kueleza alivyotukanwa na msimamizi, na unapaswa kumsikiliza. Lakini kichwani mwako swali la kwanza ni tarehe. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zimebaki siku chache mno. Anahitaji Fomu Na. 1 ya CMA, nakala ampelekee mwajiri, apate uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha aiwasilishe Tume. Akichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, na atalazimika kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Mwanafunzi aliyekariri "haki za mfanyakazi" kurasa tatu na hakuiona tarehe hiyo hajamsaidia mlinzi.

Kwa biashara, toka nje ya daftari. Omba ruhusa duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwenu uhesabu mali siku moja. Kitabu kinasema saruji mifuko 40, ghalani ipo 37. Hiyo mitatu imekwenda wapi? Imeuzwa bila risiti, imepasuka, imekopeshwa kwa jirani, au imeibwa? Ukiweza kufuatilia mifuko mitatu kwenye risiti, daftari la madeni na maelezo ya muuzaji mpaka ukapata jibu, somo la udhibiti wa mali umelielewa. Vile vile fungua mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, uone jinsi jina la biashara linavyosajiliwa, na ujue mfanyabiashara anahitaji nini baada yake: namba ya mlipakodi ya TRA, ambayo hutolewa bure, kisha leseni ya biashara. Wafanyabiashara wengi wadogo wanalipa watu kuwafanyia hayo. Mhitimu anayeyaweza hakai bila shughuli.

Kuhusu alama: vyuo vingi hugawa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na vingi hutaka mahudhurio ya asilimia 75. Zile 40 zipatikane mapema. Wengi wa wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, huwa walishaanguka tangu majaribio ya katikati ya muhula. Na GPA yako, yaani wastani wa alama zako, ilinde tangu NTA 4 kwa sababu ya hatua ya mwisho.

Fildi usiitafute wiki ya mwisho. Andika barua ya maombi miezi miwili kabla. Kwa sheria nenda ofisi ya wakili, mahakama, CMA, shirika la msaada wa kisheria au ofisi ya kata. Kwa biashara, duka la jumla lenye vitabu safi linaweza kukufundisha zaidi ya ofisi kubwa itakayokutuma fotokopi. Jaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni. Msimamizi hasaini kumbukumbu za wiki sita kwa mkupuo, na akisaini, mkaguzi wa chuo ataona wino mmoja.

9. Baada ya cheti: shahada, au usajili wa msaidizi wa kisheria.

Ukitaka shahada, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka diploma yenye GPA isiyopungua 3.0, yaani wastani wa B, pamoja na zile pasi nne za kidato cha nne. Pia utaomba namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET. Iombe matokeo ya mwisho yanapopatikana, usingoje dirisha la TCU lifunguliwe.

Ukitaka kuhudumia jamii kama msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 ndiyo inayokuongoza Tanzania Bara. Zanzibar ina yake, Na. 13 ya 2018. Cheti cha sheria peke yake hakikufanyi msaidizi wa kisheria anayetambuliwa. Unapitia mafunzo yenye mtaala ulioidhinishwa, unafanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada wa kisheria, na unasajiliwa. Anza kwa kuuliza halmashauri yako aliko msajili msaidizi na ni taasisi zipi zinafanya kazi wilayani. Kazi yako itakuwa kuelimisha, kumwelekeza mtu kwenye chombo sahihi, kumsaidia kupata nyaraka, kusaidia watu wapatane. Huruhusiwi kumtoza mhudumiwa fedha, wala kusimama mahakamani kama wakili. Anayekiuka hayo anaharibu imani ya mjane aliyekuja na hati yake ya kiwanja, na anajiingiza mwenyewe hatiani.

Yakikwama

*Jina la NECTA na la cheti cha kuzaliwa havifanani.* Tumia jina la NECTA kwenye kila fomu ya chuo, kwa sababu ndilo litakaloandikwa kwenye tuzo. Muulize msajili kama kiapo kinatosha au inatakiwa deed poll, yaani hati ya kubadili jina. Tofauti ya herufi moja na tofauti ya jina zima la ukoo hazitibiwi sawa. Maliza jambo hili mwaka wa kwanza.

*Mfumo unasema namba yangu imeshatumika.* Huenda steshenari walikufungulia akaunti mara ya kwanza. Piga simu ya udahili ya chuo, toa namba ya NECTA, omba barua pepe ya akaunti ibadilishwe iwe yako.

*Nimechaguliwa lakini ada haijatimia.* Angalia awamu zilizoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, kisha mwandikie mkuu wa chuo barua kabla ya siku ya kuripoti, ukitaja kiasi ulichonacho na tarehe utakayomalizia. Barua iliyofika mapema husikilizwa kuliko machozi siku ya mtihani.

*Nilisoma sekondari nje ya nchi.* Peleka vyeti NECTA upate ulinganifu wa matokeo. Chuo hakiwezi kukufanyia.

*Nimegundua kozi yangu haijaidhinishwa na nimeshalipa.* Usigombane langoni. Kusanya risiti, barua ya udahili na tangazo lililokuvuta, andika malalamiko kwa mkuu wa chuo ukibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha peleka nakala NACTVET. Uliza pia kama unaweza kuhamishiwa chuo kingine chenye kozi hiyo. Usiendelee kulipa muhula wa pili kwa ahadi kwamba "kibali kinakuja".

*Nina sapu.* Uliza tarehe siku ile ile matokeo yanapobandikwa, lipia, na muombe mwalimu akuonyeshe ulipokosea. Kwa masomo ya sheria kosa kubwa ni kuandika sheria yote unayoijua badala ya kujibu mgogoro uliopewa. Kwa uhasibu ni kuruka hatua za ukokotoaji, kwa hiyo jibu likikosewa hakuna alama ya kuokoa. Andika kila hatua, hata ile unayoiona ya kitoto.